Miiba Saba Mlangoni mwa Uzio

Jumatatu, 7 Julai

Uzio wangu wa kuvulia samaki umenasa taa watatu leo. Mkubwa wao alikuwa na upana wa sinia la pilau. Nilimpiga rungu la kichwa mara nne ndipo akatulia, na hata hapo mkia uliendelea kuchapa maji kama mjeledi. Chaa, mkizi, kamba wachache.

Kipupwe ni msimu wangu. Nje ya mwamba bahari imechafuka, samaki wanakimbilia ndani ya mkono huu wa bahari nyuma ya mtaa wetu wa Mjambere, ambako maji ni vuguvugu na mikoko inawaficha. Wanakuja kutafuta joto. Wanakutana na mimi. Baba aliniachia mimi uzio, si mdogo wangu Charo, na kuna wanaume hapa ambao jambo hilo limewakaa kooni kama mwiba wa chaa.

Mikia ya taa nimeikata. Sikuichoma. Baba aliichoma pale pale ufukweni kabla hajagusa samaki mwingine. Kila mvuvi wa hapa hufanya hivyo, maana mwiba wa sumu ulio mkiani huumiza hata taa mwenyewe akiwa ameshaliwa. Mimi nimeitia kwenye debe pamoja na ile ya wiki jana, siku nilipokuta fito zangu zimekatwa. Sijui kwa nini nimeiweka.

Uongo. Najua.

Jumatano, 9 Julai

Wamekata tena. Upande mzima umelala chini.

Safari hii nimewaona. Mutiso, mpakiaji wa malori kutoka Changamwe, na wenzake wawili. Wanaburuta chandarua cha mbu kwenye mkondo. Chandarua! Kinazoa mpaka samaki wa ukubwa wa kucha. Uzio wangu ukisimama hawapiti, basi wanaukata.

Nilimwendea. Akanijibu mbele ya watu, akiniita mama kwa lugha ya mtaani, "Madhe, bahari haina hati."

"Na kinywa chako hakitakuwa na meno," nikamwambia, nikampiga kwa kasia. Limetoka moja, la mbele. Damu ikamchuruzika kidevuni. Akaliokota, akalifuta kwenye suruali. "Hili nakuwekea. Nitakutunza nalo siku ya harusi yako."

Watu walicheka. Walinicheka mimi, nisiye na mume.

Ningekuwa na panga ningelitumia.

Jioni nimeliandikia gazeti makala, kama ilivyo desturi yangu, kurasa tatu. Nimeonyesha jinsi kuta za hoteli za Nyali na matangi ya mafuta ya Changamwe yalivyombana maskini mpaka akaanza kumla maskini mwenzake. Hoja kali, haina pa kushika. Nilipomaliza nikainuka mezani, nikaenda kuliangalia debe.

Alhamisi, 10 Julai

Charo amekataa kulinda uzio. "Dada, achana nao. Samaki ni wa Mungu."

Nikamwambia kumbe baba alizaa mabinti wawili. Mkewe alikuwapo, alisikia. Charo aliinama akaendelea kufunga kitambaa mguuni. Ana sukari, kidonda kidogo kinamchukua mwezi.

Sikujuta. Ningerudia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepanda.

Miiba saba. Kila mmoja nimeufunga kwa waya kwenye kijiti, ncha juu, nikauzika kwenye matope mbele ya mlango wa uzio. Hapo hakanyagi mtu ila mwizi. Mimi huingia kwa mtumbwi, kwa nyuma. Sikumwambia mtu. Charo angenikumbusha baba, na sitaki kukumbushwa baba.

Nitalala vizuri.

Jumapili, 13 Julai

Siwezi kuandika kwa mpangilio. Nijaribu.

Bamvua, siku za maji kupwa na kujaa sana. Maji yalikauka saa za ibada. Mjambere nzima ilikuwa kanisani, na mimi nilikuwamo, nikibishana na mhubiri moyoni. Mutiso na wenzake wanaijua saa hiyo. Charo pia aliijua. Hakuja kanisani. Alikwenda kuulinda uzio peke yake, kwa sababu ya neno langu. Alipowaona akawakimbilia kwa miguu, akipita mlangoni.

Wale wawili walitoroka. Mutiso alimbeba Charo mgongoni mpaka ukingoni na kupiga mayowe ya msaada. Ndivyo tulivyomkuta tulipotoka mbio kanisani.

Mwiba ulikuwa umetokeza juu ya unyayo. Mzee Katana, ambaye wavuvi wote hapa humsikiliza, aliuchomoa, akaona kijiti na waya. Akasema, "Mwenyeji hawezi kufanya hivi. Sisi mkia wa taa tunauchoma. Huyu ni mgeni."

Ikatosha. Watu walimrukia Mutiso wakiwa na nguo zao za kanisani. Waling'oa fito za uzio wangu wakampigia. Mtu mmoja aliiweka Biblia yake ndani ya mtumbwi, taratibu, isilowe, kisha akaokota jiwe.

Nilinyamaza. Mimi niliyewafunga vinywa madiwani na wachungaji kwenye mijadala ya redioni. Nilisimama nikausikia mfupa ukivunjika. Na kitu fulani ndani yangu, lazima nikiandike, kilifurahi.

Mutiso akanitazama kwa jicho lililobaki wazi. "Madhe, waambie nilimbeba."

Nikasema ni mimi niliyeipanda miiba. Hawakusikia. Nikapiga yowe. Mzee Katana akanishika mkono, "Kadzo, usimtetee mwizi."

Nikaingia majini. Yalikuwa yameanza kujaa. Nikapapasa mahali ninapopajua mimi peke yangu, nikang'oa mwiba wa pili, nikautupa miguuni pa mzee. Kijiti kama kile. Waya ule ule.

Fito zikawaanguka mikononi, moja baada ya nyingine. Mke wa Charo akaja, akanitemea mate usoni. Sikuyafuta.

Jumatano, 16 Julai

Nimeandikisha maelezo kituoni. Yote, bila kupamba. Askari aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Wameniachilia kwa sasa, nisiondoke Kisauni.

Mutiso amevunjika mkono, na jicho la kushoto halitaona tena. Nilimpelekea uji. Aligeukia ukuta. Uji niliuacha.

Juzi niling'oa minne. Mmoja sikuuona. Maji yamehamisha matope.

Gazeti limechapa makala yangu. Watu wawili wamenipigia kunisifu. Nimewashia jiko ukurasa ule.

Jumamosi, 19 Julai

Wamemkata Charo mguu, juu ya kifundo. Kidonda kilioza, sukari ikakataa kushuka.

Nilikwenda hospitalini na hotuba nzima kichwani. Hoja, ushahidi, hitimisho. Mkewe alitoka nje nilipoingia. Charo hakuuliza habari za miiba. Aliuliza kitu kimoja.

"Dada, walipokuwa wanampiga, ulinyamaza kwa muda gani?"

Nilikaa pale, nikimwangalia nzi akitembea kwenye shuka, pale shuka lilipolala bapa.

Jumatano, 23 Julai

Hasira haijaisha. Nilidhani itaisha. Asubuhi imeamka nami kama kawaida, ikatafuta wa kumwangukia, haikupata. Nimevunja kasia kwa kulipiga kwenye jiwe. Nimelivunja rungu pia.

Jumapili, 27 Julai

Maji makavu. Watu kanisani.

Uzio nimeubomoa. Fito nimezipanga ukingoni, achukue atakaye. Hakuna aliyechukua. Wanawake wanaotafuta kamba hawaingii tena upande huu. Mzee Katana amewaambia, na safari hii yuko sawa. Mwiba mmoja bado umo.

Nimeutafuta kwa reki, nimeutafuta kwa fimbo. Leo nimevua buti. Buti halihisi kitu. Nilikwenda polepole pale palipokuwa mlango, unyayo mmoja mbele ya mwingine, nikikandamiza kwa uzito wangu wote. Matope yalikuwa ya moto kwa juu, ya baridi kwa chini.

Kitu kigumu kiligusa kidole gumba. Nikasimama. Nikainama, nikakitoa. Kipande cha ufito.

Nikaendelea mpaka maji yakanifika magotini, mwiba sijaupata. Mkizi walianza kuingia, wakirukaruka. Walipita pande zote mbili za miguu yangu.