Sema Mapema, Hutaadhibiwa

Jumanne usiku

Na sentensi yenyewe niliiandika mimi, si meneja: "Ukifungua barua pepe ya matapeli, sema mapema. Hutaadhibiwa." Nikaibandika ukutani mapokezi, nikawafundisha wafanyakazi wote wa hoteli, nikajiona wakili wa maana hapa Diani.

Mwanasha wa mapokezi aliniamini. Jana alibonyeza linki ya watu waliojifanya wakala wa watalii, na papo hapo akaja ofisini kwangu kuniambia. Kwa sababu yake tuliwahi kubadilisha paswodi kabla nakala za pasipoti za wageni hazijaibwa.

Leo meneja amemfukuza. Barua akaniletea mimi niikague kisheria. Nilimwambia si haki, akaniuliza kama hoteli ni yangu. Basi nikasahihisha tarehe, nikamrudishia. Tarehe! Hicho ndicho nilichokipigania.

Mwanasha alipokuja kuniaga kabla ya kurudi kwao Tiwi, alinipa shikamoo kama kawaida. "Lakini wakili, si wewe uliyetuambia tuseme?" Hakuwa na hasira. Heri angenitukana.

Nilimwambia nitazungumza na... Sijui nitazungumza na nani.

Jioni nilipita mapokezi, nikamuuliza Kevo, aliyekuwa zamu, kama naye ameletewa ujumbe ule wa matapeli. Akaitazama karatasi yangu ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Hapana, wakili. Mimi sijafungua kitu."

Ujumbe ulikuwa wazi kwenye skrini, mbele yake.