Betri Mbili na Taa Moja

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Natumaini yale mafua yamekuachia. Huku wanao wanakula na kukua, wazee wanawasalimu. Mimi tu ndiye kichwa kinaniuma, na kinachoniumiza ni gari la Baba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Lilipogoma kuwaka mara ya kwanza, fundi alimuuliza Baba kama ile taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka akiwa barabarani. Baba akasema haiwaki hata kidogo. Basi tukanunua betri mpya. Wiki haikuisha, gari kimya. Wewe ukasema kwa simu, kwa sauti yako ile ya mkaguzi, kwamba tumeuziwa betri feki, tununue nyingine. Tukanunua. Nayo ikawaacha katikati ya njia panda, Baba kwenye usukani, wanao nyuma na sare zao za shule, honi zikilia kila upande. Nikaitwa kutoka kazini kuja kusukuma, na viatu vyangu vya kazini. Kaka, nimechoka kuwa trekta.

Safari hii nilimkalia fundi kooni. Akawasha injini, akapima betri kwa mita. Namba badala ya kupanda ikashuka. Akasema ni altaneta, haichaji, betri inaliwa tu bila kurudishiwa kitu, hata tungenunua za duka zima. Nikamfokea kwa nini hakusema mapema. Naye akaja juu, akasema mzee wetu ndiye aliyemhakikishia taa haiwaki. Nikasema labda taa yenyewe imekufa. Akazungusha ufunguo. Ikawaka, nyekundu, hapo hapo nyuma ya usukani.

Nyumbani nikamuuliza Mama, maana jioni akitoka na Baba hukaa kiti cha mbele. Akasema taa hiyo inawaka siku nyingi, alidhani ndivyo gari lilivyo, na hakuna aliyemuuliza. Nilipozidi kumbana, akaanza kulia. Unakumbuka tunavyomcheka kwa kelele zake garini, kuna baiskeli, kuna mtu anavuka, punguza mwendo? Kumbe yeye ndiye aliyekuwa macho ya Baba barabarani. Na asubuhi, Kaka, Mama hayumo garini. Ni Baba na wanao tu.

Altaneta mpya ilifungwa juzi, na gari linawaka vizuri. Baba hajui. Nimemwambia kifaa hakijapatikana, na fundi nimemwomba aseme hivyo hivyo. Kila asubuhi Baba anavaa koti lake, ananiuliza kama leo kimepatikana, nami namdanganya nikimtazama usoni, nisijue ananiona kiasi gani. Naona aibu, na kumwambia ukweli siwezi. Nimejaribu. Wewe ndiye mkubwa. Usinipigie simu kunielekeza. Njoo.

Msalimie sana wifi. Mwambie watoto wanakwenda shule kwa miguu, nawasindikiza mimi, na ufunguo wa gari umo mkobani mwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba