Mishale ya Chokaa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na goti limepoa. Sisi huku Makueni tuko salama, Mungu ametushika. Mbaazi zimezaa vizuri na yule mbuzi mweusi ana mapacha. Nimempa Kanyiva barua hii akuletee mkononi kwa sababu simu yako husomwa na watoto wa Mjomba Ndolo unaokaa nao, na haya si ya macho yao.

Nimesikia umekataa kula tangu huyo ndugu yako akamatwe. Wacha basi nikueleze ilivyokuwa, maana huko Kanyangi mmeelezwa nusu.

Unajua ile njia ya kupanda kilima cha msitu tuliipasua mimi na mume wangu Mulei kwa panga, kabla watu wa Nairobi hawajajua kuna kilima hapa. Nikawa natembeza wageni: asubuhi tunapanda, mchana wanakula juu kwenye mwamba, jioni wanarudi kwao. Halafu Mjomba akawa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kutunza msitu, na magunia ya makaa yakapatikana nyuma ya jiko langu. Alisimama kanisani akasema mimi ndiye ninayemaliza msitu. Alilia akisema, eti inamuuma kwa sababu mimi ni damu yake. Nikafukuzwa kikundini. Wewe nawe ukanitumia ujumbe nitubu, bila hata kuniuliza kama ni kweli. Hilo liliniuma kuliko yote.

Baada ya hapo alisema wageni hawahitaji mtu wa kuwaongoza, wafuate tu mishale ya chokaa kwenye mawe. Yeye na tumbo lake hubaki chini akiwachomea nyama. Lakini chokaa huoshwa na mvua, na kila msimu lazima mtu apande aichore upya. Mwaka huu aliona mishale myeupe pale chini, akadhani wanakikundi wamefanya kazi. Hakupanda kuangalia.

Jumamosi ile vijana wa kanisa walikuja kutoka Malili wakiwa na pasta. Mjomba alikuwa amemwalika pia afisa wa misitu, aje aone msitu unavyotunzwa. Wakafuata mishale. Ikawateremsha bonde la nyuma, mpaka kwenye matanuri ya makaa yanayofuka moshi, na watu wakijaza magunia. Walipoulizwa ni kazi ya nani, walimtaja Mjomba bila hata kubanwa. Nasikia alipofuatwa chini alikuwa bado anakatakata mbuzi akitabasamu.

Mwaitu, mishale ile niliichora mimi. Niliyaona matanuri yake nikitafuta kuni, nikanyamaza nikingoja siku ambayo pasta na afisa watapanda pamoja. Nilichora jiwe kwa jiwe nikiimba. Usiniambie kisasi ni cha Bwana, andiko nalijua. Mimi nilingoja nikachoka. Kanyiva anasema mnafunga na kuomba adui aliyemchongea Mjomba ajulikane. Sasa mmemjua, kuleni.

Mwanangu Kalunde anauliza atakuja kwako lini. Nimemwambia ni siku ile nyanya yake atasimama kanisani aseme mama yake hakuchoma makaa. Kabla ya hapo, hapana.

Nisalimie Wavinya na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akulinde.

Ni mimi binti yako,
Kasiva