Jina Nililoshindwa Kulitamka Simuni

Mama Rolenas, salamu kutoka kambi ya wachuma machungwa hapa Mundubbera, Australia. Jina langu naomba usilisome hewani redioni, na jina la mtu ninayetaka kukueleza habari zake hutalipata kabisa katika barua hii ninayokutumia kwa simu. Simfichi, ila ni kaka wa mke wangu, na kwetu kisiwani Gaua, kama ninavyosikia ilivyo kwenu kisiwa cha Pentekoste, mtu hatamki jina la shemeji yake wala haliandiki, hata akiwa na hasira, hata akiwa na homa. Ndani ya jina hilo kuna neno la kitu tunachokila kila siku, na tangu nioe nikiwa na njaa naomba "kile cha kuoka." Niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukiona maneno yangu yanakimbia bila kupumua nisamehe. Leo mvua imetuzuia kuchuma, nimepata nafasi ya kuutua mzigo huu.

Nianze na jema, maana lipo. Tumepata msaada. Chekechea ya kijiji chetu ilichukuliwa na kimbunga miaka mitatu iliyopita ikabaki sakafu tu, na tangu hapo watoto wanasomea kwenye baraza la kanisa, na kukiwa na mazishi au harusi hawasomi, na binti yangu Wevelyn ana miaka mitano na anajua kuhesabu mpaka saba tu, maana, mama yake aliniambia, siku waliyotakiwa kujifunza nane kulikuwa na mazishi, na baada ya hapo mwalimu akaendelea na herufi.

Mwalimu mwenyewe, Bibi Starlin, alisikia redioni kwamba kuna mfuko unaosaidia vijiji kujenga shule, lakini fomu zake zinajazwa kwenye mtandao, na kwetu simu inashika juu ya kilima tu, tena ikipenda. Basi wakanichagua mimi niliye huku penye mtandao, wakasema, "Wewe uko Australia, wewe ndiye ofisi yetu." Nilicheka, lakini nilijaza. Kila Jumapili nikishafua nguo nilikaa na simu nikajaza ukurasa mmoja. Waliuliza watoto ni wangapi, wasichana wangapi, nani atashika ufunguo, na wanakijiji wenyewe wataleta nini, na Starlin akipanda kilimani ananijibu: mchanga, matumbawe, miti ya nguzo, na mikono yetu. Nikaandika yote. Sijawahi kuandika maneno mengi hivyo maishani.

Kisha nikafika kwenye kisanduku kimoja: jina kamili la mwenye ardhi.

Mama, unajua kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Ile sakafu iko kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, na mkubwa wao ni yeye, shemeji. Mimi pale ni mwoaji tu. Alikubali bila kusita, akasaini barua ya ridhaa, Starlin akaipiga picha akanitumia, nikaiambatisha. Lakini kwenye kile kisanduku niliandika "Baba Nesar," maana ndivyo ninavyomwita, Nesar ni mwanawe wa kwanza. Kwangu ilitosha. Sikukumbuka kwamba watu wa ofisini hawamjui Nesar.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu nikiwa juu ya ngazi, mfuko wa machungwa umenijaa kifuani.

"Kaka, naitwa Leisale, napiga kutoka ofisi ya mfuko, Port Vila, kuhusu maombi yenu ya chekechea. Kwenye fomu mwenye ardhi ni Baba Nesar, kwenye barua aliyesaini ana jina jingine. Mwenye ardhi hasa anaitwa nani?"

Nikachuma chungwa jingine.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia, dada. Ni huyo aliyesaini."

"Anaitwa nani? Nataka ulitaje wewe, nijue unamfahamu. Tumeshaletewa barua za uongo mwaka huu."

Nikajifanya natengeneza mfuko kifuani. Akasema, "Kaka, mtu asiyemjua mwenye ardhi hawezi kupewa hela za kujenga. Kama hujui, nafunga faili."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema, "Usifunge, dada. Ardhi ni yangu. Huyo aliyesaini ni shahidi."

"Sasa mbona hukusema tangu mwanzo? Haya, narekebisha."

Kwenye mti wa pili yuko Mackin, mume wa shangazi yangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mtani wangu, ana ruhusa ya kunisema lolote mbele ya yeyote nami nisinune. Kila asubuhi ni yeye: "Mwoaji, shuka, ndege wamekushinda kuchuma!" Siku hiyo akasikia neno moja tu akapaza sauti, "Nani ana ardhi? Wewe? Hata ngazi uliyopandia ni ya bosi!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kuchuma.

Na nikuambie ukweli wote, Mama, maana ndiyo sababu naandika. Kwa Mackin lile jina si mwiko. Angeweza kulitamka. Nilimfikiria pale pale dada Leisale akiningoja, lakini nilijua nikimpa simu atanicheka msimu mzima, mezani, kwenye gari la kwenda shambani, na tukirudi nyumbani atawasimulia wanywaji kava wote jinsi mwoaji alivyokuwa bubu juu ya ngazi. Niliona aibu. Nikaona uongo ni mwepesi zaidi.

Wiki iliyopita jibu lilikuja. Tumekubaliwa: bati, kuta, tangi la maji, mpaka viti vidogo. Starlin alinipigia toka kilimani nikasikia watu wakishangilia nyuma yake, na mimi nikakaa chini kwenye tope. Maana dada Leisale anapanda ndege Jumatatu ijayo na mkataba mkononi, ausome mbele ya kijiji kizima juu ya ile sakafu, na akifika penye mstari wa mwenye ardhi atasoma jina langu. Shemeji atakuwa amekaa mbele, yeye aliyetoa. Hatagombana, si mtu wa kugombana. Ataondoka, atarudi na jani la namele, alama yetu ya katazo, ataliweka juu ya sakafu, na hapo hapiti mtu tena, si fundi, si mtoto. Nikimwambia Leisale ukweli atafunga faili kwa sababu nilidanganya. Nikinyamaza, ni namele. Nifanye nini? Usinionee huruma sana, niambie tu.

Mwoaji, Mundubbera

*

Mwoaji, huruma hukuitaka, basi kaa nikuambie.

Kwanza pumua. Niliposoma "Jumatatu ijayo" nilipumua mimi kabla yako. Mkataba hakuna aliyeusaini bado. Ardhi ya shemeji yako iko pale pale kwa mwenyewe, na mkataba ambao haujasainiwa ni karatasi tu. Nimekaa kwenye kamati ya shule nyumbani miaka kumi na moja, nimejaza fomu za namna hiyo mpaka macho yakauma, na maafisa wa mifuko nawajua. Faili wanamfungia waliyemkamata. Anayepiga simu mwenyewe akasema "nilikosea, tengeneza kabla hatujasaini," huyo wanamshukuru, kwa sababu amewaokoa na aibu ya kusoma jina la uongo mbele ya watu.

Sasa nikugombeze. Kile kisanduku hakikukuuliza wewe unamwitaje shemeji yako. Kilitaka jina ambalo sheria inamjua nalo. Mdomo wako una mwiko, sawa, ni heshima, na hakuna aliyekuomba uuvunje. Lakini mwiko uko mdomoni mwako, hauko kwenye fomu! Mkono wowote mwingine ungeandika. Starlin angeandika. Na ungemwambia yule dada maneno matano tu, "ni shemeji yangu, siruhusiwi kumtaja," angekuelewa, naye ni mtu wa visiwani kama wewe.

Halafu Mackin. Unadhani wazee wetu walimpa kila mtu mtani ili iwe nini, kuchekesha wachuma machungwa? Kuna mambo mtu hawezi kujisemea, na anayeruhusiwa kukucheka waziwazi ndiye anayeruhusiwa kukusemea. Alikuwa mti wa pili! Ukaona bora watoto wakae barazani kuliko wewe uchekwe kwenye kava. Mwanangu, kuchekwa utachekwa tu. Chagua kama utachekwa shule ikiwepo au isiwepo.

Fanya hivi. Ukweli umfikie shemeji kabla ya ndege, na kabla ya ofisi. Usimpigie wewe. Mackin ampigie mkewe, yaani shangazi yako, leo hii. Na kama simu haishiki, apige asubuhi na mchana na kesho yake mpaka mtu apande kilima. Shangazi aende kwa shemeji na mkeka mzuri na mzizi wa kava, amweleze yote, na pale penye aibu yako asiruke. Akikupiga faini, lipa. Usipunguze, usijitetee, usitume salamu ndefu.

Shemeji akishasikia, siku hiyo hiyo wakati wa mapumziko ya chai, piga Port Vila. Uanze wewe mwenyewe: "Dada, nilikudanganya, ardhi si yangu, ni ya shemeji yangu na mwiko unanizuia kumtaja." Kisha mpe Mackin simu alitamke, herufi kwa herufi. Mwombe dada amsomee Mackin mstari wote alivyousahihisha. Mkimaliza, Mackin aandike ujumbe mfupi wenye maneno hayo hayo, ili pawe na maandishi. Na siku nyingine ukijaza fomu, kisanduku usichoweza kukijaza mpe anayeweza. Inuka sasa hivi umtafute Mackin. Mvua inakupa nafasi, usiitumie kulala.

*

Ujumbe huu ulifika studio siku kumi baadaye, tunausoma kama ulivyo.

Mama Rolenas, ni Mwoaji. Mackin alipomwambia shangazi simuni alicheka mpaka shangazi akamkatia. Shangazi alipeleka mkeka na kava siku ya pili. Shemeji aliukunja mkeka taratibu, shangazi anasema hata kuku waliacha kutembea, kisha akasema, "Nimesikia. Faini nitaitaja siku ya mkataba, mbele ya watu."

Dada Leisale naye nilimweleza. Akasema, "Kaka, mume wangu ni wa kisiwa cha Mota Lava. Mimi mwenyewe kwa wakwe zangu kuna majina siyagusi. Ungeniambia tu!" Mackin akachukua simu akalitamka jina mara mbili, ya pili bila kuombwa, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye trekta, mimi nimeziba masikio.

Jumatatu mkataba ulisomwa na jina lililo sahihi, watu wakapiga makofi, ndipo shemeji akasimama kutaja faini. Nilikuwa nimejiandaa kwa nguruwe wawili. Akasema nguruwe hataki. Anataka chekechea iitwe kwa jina lake, jina kamili, liandikwe juu ya mlango kwa rangi isiyofutika. Starlin anasema shemeji alicheka mwenyewe mpaka akakaa chini.

Basi ndiyo hivyo, Mama. Nimepumua, nalala. Mafundi wanaanza mwezi ujao, na Mackin kila asubuhi anasimama chini ya ngazi yangu, mkono sikioni, anauliza mbele ya wote, "Mwoaji, hebu tukumbushe, binti yako atasoma shule gani?"

Nami namjibu, "Ile atakamohesabu mpaka nane."