Sentensi Niliyomfundisha Karani

Zuzu,
20 Julai 1916

Kwa mama yangu mpendwa Priska, Hombolo.

Mbukwa, mama. Shikamoo. Mimi mwanao Yotham ni mzima wa mwili, kula nakula, ila usingizi umenihama. Natumaini nawe hujambo, na goti lile linalokusumbua kila kipupwe limetulia. Je, mtama mliouficha bado upo, au wenye bunduki wameshaufikia? Jirani wakiniulizia, waambie ningali na meno yangu yote.

Lydia, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, nakujua. Ukifika mahali pachungu unaruka, unatia maneno yako ya asali. Safari hii usiruke hata moja. Ukiruka nitajua, na nitakuja kukufinya sikio hata kama sasa ni mke wa mtu.

Mama, utasikia maneno. Mwajabu muuza tumbaku, ndiye huyo aliyekuletea barua, ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna komeo. Utasikia kwamba siku Waingereza watakapofika hapa, mwanao atasimama mbele yao pamoja na Bashiri, karani wa akida, yule yule aliyeliandika jina la mwanao Seth katika orodha ya wapagazi. Ni kweli. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kisimani.

Tangu Waingereza walipoingia Kondoa mwezi wa Aprili, watu walianza kunijia mmoja mmoja. Walijua nimesoma kwa wamisionari Waingereza kabla hawajakamatwa na kupelekwa Tabora. Mimi nilinusurika kwa kujifanya kibarua wa reli, mbeba mawe asiyejua hata alifu. Siku hizi kujua Kiingereza ni sawa na kuficha bunduki uvunguni. Mdachi akikugundua, basi wewe ni jasusi, na jasusi anatundikwa. Kwa hiyo niliwakatalia. Wakaja tena. Nikawafukuza. Wakaja tena! Mwisho nikakubali, maana ualimu ni ugonjwa, mama, ukikushika haukuachi.

Tulisomea kwa mzee Matonya, ndani ya tembe lake, upande wa zizi, saa saba mchana askari wakiwa wamelala. Niliandika mavumbini kwa kijiti, na tulipomaliza Matonya aliwapitisha ndama juu ya somo mpaka likafutika. Karatasi ilikuwa marufuku. Watu wazima ni wagumu kuliko watoto, kwa sababu wanataka kila kitu kielezwe kwa nini. Nilipowaambia kwamba Kiingereza kina neno moja la yeye mwanamume na jingine la yeye mwanamke, Matonya aliuliza kwani Waingereza hawaoni kwa macho. Na nilipomwambia kwamba ng'ombe hana yeye, huitwa kwa neno lile lile la jiwe na kinu, loo, alisusa siku mbili nzima. Alisema ng'ombe wake si kinu, na watu wanaosema hivyo watawachinja wote bila hata kuona haya. Nilimbembeleza mpaka akarudi.

Nikagundua kwamba mtu mzima haji kutafuta lugha, anakuja kutafuta sentensi moja. Matonya alitaka ya kusema kwamba ng'ombe hawa ni wake, amewazalisha mwenyewe. Mwajabu alitaka ya kusema kwamba anauza, hagawi. Tukaanzia hapo: nauza, unauza, anauza, niliuza jana, nitauza kesho. Mwajabu alipiga vigelegele siku aliyoipata ya jana, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Wiki ya tatu, mlango ukaingia kiza. Nikainua macho, nani? Bashiri, ndani ya kanzu yake nyeupe. Mwajabu akayakalia maandishi palepale. Lakini Bashiri aliketi chini, juu ya samadi na kanzu yake, akasema kwamba ametujua kwa siku kumi na hakumwambia mtu. Alisema ana watoto watano, na Waingereza wakifika watauliza ni mkono wa nani uliowaandika watu waende kufa na mizigo. Alitaka sentensi moja tu: Niliandika majina kwa kulazimishwa, hiari haikuwa yangu.

Mama, niliutazama mkono wake. Seth alikuja kwangu kunitembelea tu, unakumbuka, akae wiki moja arudi. Siku ya tatu nilikuwa kazini relini, nikarudi nikaambiwa amefungwa kamba shingoni na wenzake kumi na mmoja. Halafu mwezi wa tatu tukaletewa habari kwamba kuhara damu kumemmaliza njiani, na aliyemfukia hakumbuki ni wapi. Nikamwambia Bashiri karibu, nitakufundisha.

Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Alifumba macho na kuirudia sentensi yake neno kwa neno, kama anavyohifadhi sura za Kurani. Akikosea anaanza upya bila kuambiwa.

Siku kumi na mbili zilizopita mtu alimchongea. Alisikika barazani kwa akida akinong'ona maneno ya kigeni. Wakamkamata yeye peke yake, wakampeleka bomani Dodoma, wakamwekea karatasi na kalamu, wakamwambia aandike jina la mwalimu na majina ya wanafunzi wenzake. Alikataa. Akapigwa viboko hamsa ishirini. Karatasi ikarudishwa, akakataa. Kesho yake hamsa ishirini nyingine. Huku Zuzu, Matonya alikwisha kuwaswaga ng'ombe kuelekea Bahi, nami nilikaa ndani nimeshika Agano Jipya, kila mshindo wa kiatu nikidhani ndio huo. Nilibaki kwa woga, si kwa ushujaa. Siku ya tatu wakamtupa nje, maana Wadachi wana haraka ya kupakia vitu vyao kwenye treni wakimbilie magharibi. Mtu aliyeandika kila jina aliloambiwa aliandike, safari hii aliirudisha karatasi nyeupe.

Sasa Lydia, hapa ndipo hasa usiruke.

Mama, sentensi niliyomfundisha siyo aliyoiomba. Nilimfundisha kusema: Niliandika majina kwa hiari yangu, hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka asimame mbele ya Waingereza, atabasamu, ajitie kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe. Na nilifurahi, mama, sikufichi. Kila alipoisema sawasawa nilimpigia makofi. Mwanafunzi hana njia ya kujua anachokisema isipokuwa kwa mwalimu wake, nami nililijua hilo nikalitumia.

Nilikwenda kwake. Alikuwa amelala kifudifudi, mkewe akimfukuzia nzi mgongoni. Nikamwambia yote. Aliniuliza maana ya ile sentensi, nikamwambia. Akaniomba niirudie maana, nikarudia. Akasema kwamba sikumfundisha uongo. Akida alitaka watu kumi na wawili na majina aliyotoa yalikuwa kumi na moja. La kumi na mbili alimwachia karani. Bashiri alimwandika Seth kwa sababu alikuwa mgeni, na mgeni hana mtu wa kuja kupiga kelele mlangoni. Kwamba ni ndugu yangu, alilijua siku aliponiona nimenyoa kichwa kwa msiba.

Nilitoka bila kuaga. Wallahi, kama ningekuwa na jiwe la reli mkononi, leo ungesikia mengine. Siku tatu sikurudi. Nilijiambia, mwache, akaseme ukweli wake, Mungu si Athumani. Lakini kila nikifumba macho naiona ile karatasi nyeupe. Aliyeliandika jina la Seth kwa hiari yake ndiye aliyekataa kuliandika la kwangu kwa hiari yake, nami ninavuta pumzi. Nikilitaja moja nikaliacha jingine nitakuwa nimedanganya mara ya pili.

Jana nilirudi. Nikamwambia simfundishi sentensi nyingine, maana hata nikimpa iliyo sahihi hana sababu ya kuniamini. Nitasimama naye mimi. Waingereza wakiniuliza kama ndiye aliyemwandika ndugu yangu, nitasema ndiye. Kisha nitamvua kanzu wauone mgongo, niwaambie aliupataje. Huenda wakamtundika, huenda wakanitundika nami kwa kusimama na mtu wa akida. Sijui.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe. Naomba tu usikubali kuambiwa kwamba nimemuuza Seth. Jana nilipokuwa natoka, Bashiri aliniuliza mama yake Seth anaitwa nani. Nikamwambia. Akalitamka jina lako polepole, mara tatu, uso ukiwa umeelekea ukutani.

Nisalimie shangazi Emilia, na wote wa kanisani wanaonikumbuka kwa mema. Lydia, mshike mama mkono ukimaliza kusoma, kisha uichome barua hii, maana Wadachi bado hawajaondoka. Mungu akulinde, mama, mpaka tuonane.

Ni mimi, mwanao wa kiume uliyebakiwa naye,

Yotham