Mkalimani wa Mama

Jumapili, 3 Novemba 1974

Leo naanza daftari hili. Nimelipata kwa kushika nafasi ya kwanza katika Kifaransa. Nitaandika humu kila kitu, hata mambo ya kunitia haya — vinginevyo ni kuharibu karatasi. Jina langu ni Tshiela. Zamani pia Simone, lakini shuleni jina hilo limefutwa kwenye orodha, kwa sababu serikali imekataza majina ya Kizungu.

Kiuno cha mama kinauma, wiki ya pili sasa. Akiinama kufua, hainuki mpaka nimshike mkono. Tantine Laurentine, dada yake tata, yaani baba yangu, alimletea mizizi ya kukanda. Haikusaidia. Sasa waganga Wachina wamefika kwenye dispansari. Watakaa siku chache, kisha wataenda Kasaji. Wanatibu kwa sindano tupu na majani ya kuchemsha. Mkalimani wao anajua Kifaransa, mama hajui. Tata amesema mezani:

— Tshiela ataenda naye. Kifaransa yote ile, haiko ya kuweka mu kabati.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kumaliza bukari, ugali wangu.

Jumanne, 5 Novemba

Tulikwenda baada ya masomo. Benchi lilijaa. Mzee mmoja alitoka akishika goti lake, akatuambia: «Banatia sindano kumi na mbili, na mu sindano hata moja hamuna dawa. Bale Bachina bako na choyo.» Watu wakacheka, hata mama, ingawa kucheka kunamuumiza.

Docteur Lin ni mwembamba, hasemi sana. Alishika mkono wa mama, si kwa saa, kwa vidole vitatu tu, akafumba macho. Muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Monsieur Wen, mkalimani, akanigeuzia maneno kwa Kifaransa. Maumivu yalianza lini? Analala vizuri? Nikamuuliza mama kwa Tshiluba, lugha ya kwetu, nikajibu kwa Kifaransa. Hakuna neno lililonishinda.

Kisha Monsieur Wen akauliza: mama ameona mwezi wake mara ya mwisho lini? Ana mimba?

Nimeahidi kuandika yote. Naandika.

Kwetu binti hamuulizi mama yake jambo lile. Jambo lile ni la tantine, au la kaku, mama ya mama. Na pale walikuwa wanaume wawili, na pazia limefunguka nusu, na benchi lote linasikiliza. Mama akaniuliza:

— Anasema nini, mamu?

Nikasema:

— Anauliza kama umekula.

— Umuambie nimekula.

Nikamgeukia Monsieur Wen. Nikasema mama anasema hapana.

Wakamtia sindano kiunoni, nyuma ya magoti, karibu na vifundo vya miguu. Hazikutoa damu. Wakatupa pakiti sita za mizizi na magome makavu, za kuchemsha asubuhi na jioni.

Jumatano, 6 Novemba

Mama amelala usiku wote. Asubuhi ameinama, ameinuka peke yake. Nyumba nzima inanuka dawa. Ngeleka, mdogo wangu, anasema tunapika viatu vya tata. Mama anakunywa huku ameziba pua, kisha anaomba kipande cha muwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Sindano mara ya pili. Monsieur Wen amesema Kifaransa changu ni safi, nikue niwe munganga. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Njiani mama alitembea bila kushika bega langu. Nikajiona mtu mkubwa.

Jumapili, 10 Novemba

Sikuenda misa. Mama ana damu tangu alfajiri. Tantine Laurentine amefika, amefunga mlango wa chumba, anatoka na beseni lililofunikwa kitambaa. Ngeleka amepelekwa kwa jirani. Mimi nachota maji.

Nimeelewa kabla ya kuambiwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Ilikuwa mimba ya miezi miwili. Mama alijua. Hakumwambia mtu, hata tata, kwa sababu mimba changa haitangazwi mpaka ionekane yenyewe. Ngeleka ana miaka minane, na nyuma yake hakuna mwingine. Ndugu za tata wanasema mambo kila wakija. Mama alikuwa anangoja awaonyeshe tumbo.

Nilisikia yote nikiwa uani, dirisha liko wazi. Tantine akauliza:

— Na bale Bachina habakukuuliza?

— Baliuliza kama nimekula.

— Kama umekula! Ni hivyo tu?

— Tshiela alikuwa pale. Umuulize.

Tantine hakuniuliza. Alitoka tu akaniangalia, akasema niongeze maji.

Je, mama angesema ukweli, pale mbele ya watu? Sijui. Nilimnyima hata nafasi ya kusema uongo wake mwenyewe.

Jumatano, 13 Novemba

Mama amekaa kwenye kiti nje, khanga mpaka shingoni. Nimemletea chai. Ameshika kichwa changu, amesema:

— Haulale, mamu. Usilie sana. Ni mambo ya Mungu.

Kinywa changu kilifunguka. Jirani wawili wakaingia kumpa pole. Kikajifunga.

Jirani hao, nao walitibiwa na Wachina, wamemwaga dawa zao shimoni. Yule mzee wa goti naye, goti lililokuwa limepona. Watu wa cité, mtaa wetu, wanasema Docteur Lin anaua watoto tumboni. Wachina wameondoka jana kwenda Kasaji. Habari hii itawafuata kwa treni.

Alhamisi, 14 Novemba

Tata ameniita mezani, amenipa karatasi nzuri.

— Andika kwa mukubwa wa dispansari. Kifaransa ya juu. Andika: baliua mutoto wetu, habakuuliza kitu. Bafukuzwe. Mi nitatia signature.

Hajanyoa tangu Jumapili. Alikuwa anaangalia mkono wangu ukiandika, kama mtu anayemwamini.

Nimeandika salamu. Nimeandika jina la mama, Tshibola, na tarehe. Nimefika kwenye «hawakuuliza», kalamu ikasimama. Nikamwambia wino umeisha. Ametoka kutafuta mwingine kwa Mukendi, jirani yetu anayefanya kazi ya reli.

Mukendi anakwenda Kasaji kesho, anarudi Jumapili. Nimechukua karatasi ya pili haraka, namwandikia Monsieur Wen. Nanakili hapa kwa Kiswahili, ili nisijidanganye baadaye juu ya nilichosema:

«Monsieur Wen. Ni mimi, binti wa mama mwenye kiuno. Sikumuuliza mama swali lenu. Nilimuuliza kama amekula, kisha nikawaambia ninyi hapana. Mimba ilikuwepo. Sasa haipo. Hapa wanasema kosa ni lenu, na tata ananiandikisha hivyo. Nitamwambia tata ukweli, nimeshaamua, lakini lazima nijue ukweli wenyewe ni upi, kwa sababu mama naye atausikia. Mwulizeni Docteur Lin, tafadhali, na jibu mumpe huyuhuyu aliyewaletea karatasi hii, kabla treni yake haijarudi Jumapili: ni sindano na dawa vilivyomtoa mtoto, au kiuno kile kilikuwa kinauma kwa sababu alikuwa ameshaanza kutoka?»