Nimefungisha Kibanda cha Philister

Mwihaki uko? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana.

Unajua huku Waithaka hatuna stima tangu Jumatatu, wezi walifyonza mafuta ya transfoma. Na unajua vile watu husema hiyo mafuta huuziwa wakaanga chips, ati haiishi haraka. Sasa leo mchana niko kwa kibanda cha chips cha Aunty Philister, foleni imejaa, nikasema tu, "Aunty, hii mafuta yako haiishi, si uturudishie stima yetu?"

Watu wakacheka. Philister mwenyewe akacheka!

Mzee mmoja hakucheka. Akaniuliza, "Kijana, umejua nini?"

Umejua nini!! Dakika mbili tu, mtungi wake wa mafuta uko barabarani, watu wanaunusa. Ni mafuta ya kupima ya dukani, ile sisi sote tunapikia. Jamaa mmoja ananusa, anasema, "Eeh, hii ni ya transfoma." Yeye alinusa transfoma lini?

Philister akaniangalia. "Fidel, waambie ulikuwa unatania."

Nikawaambia. Nikaapa. Mzee akasema, "Ameogopa. Anamficha."

Nikala sahani mbili za chips mbele yao. Wakaniangalia tu, kama wanangoja nianguke. Mtu akataja kiberiti, ati kibanda kichomwe. Hapo Philister akamwaga karai yote ya mafuta mtaroni, akafunga kibanda. 

Kesho atafungua, hana njia ingine. Tafadhali kuja saa saba ununue. Kula hapo hapo ukiwa umesimama, watu wakuone. Mimi nikila tena watasema nimehongwa kwa viazi.